Nani alikuwa anabeba hayo maji?

Wasee, tangu niposti ile video ya tangi mnaniuliza swali moja tu: maji ya bahari nimetoa wapi na sisi tuko Mweiga? Jibu ni fupi. Nimeyatengeneza. Nanunua maji yaliyochujwa pale duka la maji ya kujaza, natia chumvi maalum ya matangi, karibu gramu 35 kwa kila lita, halafu nayaacha yakizungushwa usiku mzima. Tangi la juu na la chini vinabeba lita 200, kwa hivyo hesabu ni kama kilo saba za chumvi. Jirani aliponiona nikishusha huo mzigo kwa boda akaniuliza kama nimeacha chuo nije kukausha nyama.

Nimeacha chuo, ndiyo. Hiyo tutaongea siku ingine.

Swali lenye limenikalia kichwani si la chumvi. Ni la mwendo wa maji. Ukiangalia video za watu unaona samaki wa rangi na taa ya bluu, lakini kazi yote iko kwa mabomba yaliyofichwa kwa kabati. Maji yakisimama, kila kitu humo ndani kinakufa. Nilipoanza kusoma hayo mabomba yalitoka wapi, nikakutana na mtu ambaye hakuna anayemtaja kwa jina.

Twende London, 1846. Kuna mama anaitwa Anna Thynne, mumewe ni kasisi mkubwa pale Westminster. Alikuwa ameenda Torquay, mji wa pwani, akapenda matumbawe madogo ya huko, akayatia kwenye mtungi wa maji ya bahari na kurudi nayo nyumbani. Sasa ako London, bahari iko mbali, na maji yameanza kuchoka. Akagundua kwamba yakimiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha wazi, yanapata hewa na matumbawe yanaishi. Hiyo kazi ilikuwa ya nusu saa au zaidi, kila siku. Na si yeye alikuwa anaimimina. Alikuwa mfanyakazi wake wa nyumbani.

Soma hapo tena. Pampu ya tangi la Thynne ilikuwa mikono ya msichana wa kazi. Thynne tunamjua kwa jina, vitabu vinamheshimu, na anastahili. Yule mwingine anatajwa tu kama mfanyakazi.

Kutoka hapo mambo yalienda mbio. Mwaka uliofuata Thynne akaongeza mwani, kwa sababu mmea ukipata mwanga unatoa oksijeni. Mwaka wa 1850 mkemia anaitwa Robert Warington akaeleza vizuri huo mlingano wa mimea na wanyama ndani ya maji. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichofanya neno akwariamu likae midomoni mwa watu. Huyo Gosse pia alichapisha fomula ya kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi za dukani. Yaani hiki ninachofanya hapa kwetu na mfuko wa kilo saba kina zaidi ya miaka 170. Na Uingereza ilikuwa imeondoa ushuru wa kioo 1845, kwa hivyo tangi halikuwa tena kitu cha matajiri peke yao.

Matokeo? Kila mtu akakimbia pwani na ndoo. Mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika 1907 kwa uchungu kwamba yale madimbwi ya miambani aliyoyaona akiwa mdogo na babake yalikuwa yamekombwa na wakusanyaji. Kitabu cha baba kilisaidia kuwaleta. Hii sehemu inanisumbua, kwa sababu wapiga mbizi wetu wa Shimoni, Kilifi na Mtwapa wanakamata samaki wa mapambo kwa nyavu za mkono, na wengi wa hao samaki wanapakiwa kwa mifuko yenye oksijeni kwenda kwa ndege hadi kwa watu kama mimi huko ng'ambo. Sitaki kuwaambia hao jamaa waache riziki yao. Ila nasema hivi: kama tangi lako halijazungusha maji wiki sita bila samaki, hadi bakteria wa kula amonia wakae, usiagize samaki. Ukimuua utaagiza mwingine, na huyo mwingine anatolewa mahali.

Sasa mabomba. Mtu wa kuheshimu hapa ni William Alford Lloyd. Alianza kama muuzaji wa vitu vya akwariamu London, baadaye akasimamia akwariamu ya Hamburg iliyofunguliwa 1864, halafu ile ya Crystal Palace, 1871. Lloyd alielewa kitu ambacho wengi hawakuwa wameelewa: usibadilishe maji kila mara, yazungushe. Chini ya matangi ya maonyesho aliweka hodhi kubwa kuliko matangi yenyewe, gizani, palipo baridi, na pampu za mvuke zikawa zinapandisha maji usiku na mchana. Maji machafu yanashuka, yanachanganyika na mengi yaliyotulia, yanarudi juu yakiwa na hewa.

Hiyo ndiyo iko kwa kabati yangu, ndogo tu. Tangi la juu lina tundu kwenye kona. Maji yakijaa yanafurika kwenye hilo tundu, yanashuka kwa bomba la PVC la inchi moja hadi tangi la chini lenye vichujio na hita, halafu pampu inayarudisha juu kwa bomba jembamba zaidi. La kushuka lazima liwe pana kuliko la kupanda, la sivyo utaogelea sebuleni. Na kabla hujamwambia fundi wa vioo atoboe, hakikisha kioo si kile kilichokazwa kwa moto. Hicho hakitobolewi, kinapasuka chote mara moja kama njugu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa koki. Kwa hadwea nilichukua koki ya brasi, ile inang'aa kama dhahabu, kwa sababu za plastiki zilionekana dhaifu. Brasi ina shaba ndani. Chumvi inaila polepole, shaba inaingia majini, na kamba na konokono hawaivumilii hata kidogo. Kamba wangu wawili walikufa kwa siku nne huku samaki wakiendelea fiti, nikabaki nashangaa. Lakini Lloyd aliikwepa hii shida karne na nusu iliyopita, mabomba yake yalikuwa ya mpira uliogeuzwa mgumu kama mti, si chuma wala shaba. Nilisoma hayo baada ya kuzika kamba.

Kosa la pili ni la hapa kwetu kabisa. Vipimo vyote vya intaneti vimeandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Mweiga iko juu ya mita 1,800, na huku hewa ni nyepesi, maji yanashika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Na usiku baridi ya Nyandarua inashuka, kwa hivyo hita inahangaika kushika nyuzi 25. Ilibidi niongeze pampu ya hewa na kuacha maji yaanguke kwa kishindo kwenye tangi la chini. Kelele iko. Tumezoea.

Lakini msifikiri mimi ndiye wa kwanza kupandisha samaki wa mbali huku mlimani. Trauti mnaokula kwa mahoteli si wa hapa. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan, yule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa mto Gura. Reli ilikuwa imefika Nairobi 1899, lakini kutoka hapo hadi Nyandarua hakukuwa na barabara ya gari. Sidhani Grogan alijitwika mwenyewe. Baadaye, 1948, serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, na kingine Sagana cha samaki wa maji ya joto.

Guka alikuwa akituambia kwamba akiwa kijana alilipwa kubeba vifaranga vya trauti kwa debe, mgongoni, hadi mito ya juu. Kila walipopumzika, kazi haikuisha: ilibidi uchote maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ndani ya debe kutoka juu, ili vifaranga visikose hewa. "Samaki walipumzika kuniliko," alikuwa anasema, anacheka. Wakubwa, wakishanenepa, kuvuliwa kwao kulihitaji leseni, na Guka hakuwa nayo.

Halafu kuna bwawa letu. 2009 serikali ilipoanza ule mradi wa mabwawa, 200 kwa kila konstituensi, konstituensi 140, na sisi tulichimba. Nilikuwa darasa la pili, nakumbuka tu vitilapia vikirukaruka na mimi nikijigamba shuleni. Mwaka uliofuata mfereji ulikauka. Leo hapo ni sukuma wiki. Nilipoanza tangi, mathe aliangalia yale mabomba akasema tu, "Samaki tena?" Nikadhani anadharau ndoto yangu kwa sababu ya mambo ya chuo. Tuliishi na huo ubaridi kama wiki mbili.

Wiki iliyopita stima ilipotea saa tano usiku. Pampu ikanyamaza. Kitu cha kwanza: maji ya bomba la kurudisha yakaanza kunyonywa kurudi chini. Hiyo nilikuwa nimejiandaa, nilitoboa katundu kadogo kwenye lile bomba karibu na uso wa maji. Maji yakishuka kidogo tu, hewa inaingia, mnyonyo unakatika, na tangi la chini nililiacha na nafasi. Sakafu ikabaki kavu. Lakini stima haikurudi. Betri ya pampu ya hewa ikaisha saa nane. Samaki wakapanda juu wanahema.

Nikachukua jagi, nikaanza kuchota na kumwaga. Chota, mwaga. Baada ya nusu saa mkono ulikuwa umekufa ganzi, na nikamfikiria yule msichana wa London, kila siku mbele ya dirisha.

Mathe akatoka na leso mabegani. Sikumwambia kitu. Aliangalia samaki, akaninyang'anya jagi, akaanza kumwaga kutoka juu, taratibu, mkono umenyooka, maji yakivunjika vizuri kuliko yangu. Nikamuuliza alijulia wapi.

"Kwani lile bwawa, mfereji ulipokauka, ulidhani nani alikuwa analijaza?" Miezi mitatu, akasema, mtungi kwa mtungi kutoka mtoni, kabla niamke niende shule. Na alikuwa anayamwaga kutoka juu vile Guka alimfundisha.

Nilitaka kusema kitu. Akaniambia, "Atiriri, shika tochi vizuri."

Stima ilirudi saa kumi na moja kasoro.