Nyaraka za Kwihara na Wajibu Wetu

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, hujulikana kwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Katika makala hii twauliza jambo jingine: nyaraka za historia ya mahali pale ziko wapi, nazo zinamtaja nani?

Tarehe 14 Machi 1872 Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara akichukua barua na shajara ya Livingstone. Wapagazi walizibeba hadi pwani, zikasomwa Uingereza. Ikawa hivyo tena baadaye. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Urambo, katika nchi ya Mirambo, mwaka 1879. Barua zao zimehifadhiwa London.

Hata hivyo, si waandishi wote waliokuwa wageni kutoka Ulaya. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik, India, aliandika shajara ya safari ya kuuleta mwili wa Livingstone pwani. Msafara huo ulipofika Kwihara mnamo Oktoba 1873, Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wauzike mwili papo hapo, wakakataa. Wainwright alirudi bara, akafariki Urambo mwaka 1892. Yeye alizikwa Afrika, bali shajara yake imehifadhiwa Blantyre, Uskoti.

Hapa nchini, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina iitwayo East Africana. Humo mna maandiko ya Hans Cory, aliyefariki mwaka 1962, juu ya mila na sheria za makabila ya magharibi. Mtafiti wa Unyamwezi hawezi kuyapita. Lakini yafaa tukumbuke kwamba Cory alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, naye aliuliza yale ambayo serikali ilihitaji kuyajua. Mpagazi na mkewe aliyebaki akilima shamba hawakuwa na nafasi kubwa katika maswali hayo.

Majina ya watu wa namna hiyo twayapata zaidi katika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Humo mtemi na mtumwa aliyekombolewa huandikwa kwa wino mmoja. Vitabu hivyo vimo makabatini mwa sharika zetu, na mchwa hawangoji. Mchungaji avitunzaye, na kuruhusu nakala yake iwekwe maktabani, anawahifadhia wajukuu ushahidi ambao hawatalazimika kuufuata ng'ambo.