Nyayo za Ng'ombe na Kijiti cha Sydney

Babu yangu aliwahi kulipa ng'ombe ambaye hakumwiba. Kwetu Turwa, enzi zake, sheria ya wizi wa mifugo ilikuwa rahisi kuisema, ngumu kuibeba: nyayo zikiingia kijijini kwenu, onyesheni zilikotokea. Mkishindwa, mnalipa nyote. Babu alitoa fahali wake kwa sababu ya kijana wa jirani aliyeiba akatoweka. Nilimuuliza kama haikumuuma. Akaniambia, "Mura, iliniuma sana. Lakini yule aliyeibiwa naye alikuwa na watoto."

Jibu hilo limenirudia majuzi nikisoma historia ya mbio za kupokezana vijiti. Swali ni lile lile: mmoja akila dawa zilizokatazwa, wenzake watatu warudishe medali?

Twende Sydney, mwaka 2000. Fainali ya wanaume ya mita 4×400, Marekani inashinda kwa dakika 2:56.35: Alvin Harrison, Antonio Pettigrew, Calvin Harrison na Michael Johnson. Nigeria ya pili, 2:58.68. Baadaye ikajulikana kwamba Jerome Young, aliyekimbia raundi za mwanzo tu, alikutwa na dawa mwaka 1999 na hakupaswa hata kuwepo. Mwaka 2005 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikaamua wenzake wabaki na dhahabu yao. Basi watu wakadhani yameisha.

Hayakuisha. Mwaka 2008 Pettigrew alisimama kizimbani kama shahidi katika kesi ya kocha Trevor Graham, akakiri kwamba na yeye alitumia dawa. Ndugu wawili wa Harrison walikuwa wameshafungiwa mwaka 2004 kwa makosa yao wenyewe. Johnson, ambaye hakutuhumiwa kitu, alisema amesalitiwa, akatangaza kuirudisha medali yake. Agosti mwaka huo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaifuta dhahabu ya timu nzima.

Wanaomtetea mtu kama Johnson wana hoja nzito. Alifanya mazoezi kwa jasho lake, hakuchagua nani akimbie naye, na hakuwa na namna ya kuchungulia damu ya mwenzake. Mimi mwenyewe nilikuwa upande huo kwa muda mrefu. Kumwadhibu mtu kwa kosa asilolijua ni dhuluma, hilo halina mjadala.

Lakini je, kurudisha medali ni adhabu? Hapo ndipo babu ananishika. Muda wa kupokezana vijiti ni mmoja. Hakuna anayeweza kuzitoa hatua za Pettigrew ndani ya zile 2:56.35 akatuachia za Johnson peke yake. Na nyuma yao walikuwepo Wanigeria: Clement Chukwu, Jude Monye, Sunday Bada na Enefiok Udo-Obong. Tukisema Johnson hana hatia kwa hiyo abaki na dhahabu, tunawaambia hawa, ambao nao hawana hatia, kwamba hasara ni yao. Ng'ombe akikutwa zizini kwako, hata kama hukumwiba wewe, anarudi kwa mwenyewe.

Sharti moja tu: sheria iwepo kabla ya mbio. Marion Jones alikiri mwaka 2007, wenzake wa vijiti wa Sydney wakanyang'anywa medali, lakini mwaka 2010 CAS ikazirudisha kwa waliokata rufaa, kwa kuwa kanuni za mwaka 2000 hazikuwa na kifungu hicho. Nakubaliana nayo, ingawa Jamaika, waliokuwa wa pili katika 4×400, waliumia. Babu aliijua sheria ya nyayo kabla fahali hajaibiwa. Kwa Beijing 2008 kanuni ilikuwepo. Nesta Carter alipokutwa na dawa sampuli zilipopimwa upya, Usain Bolt akapoteza dhahabu mwaka 2017, na rufaa ya Carter ikagonga mwamba mwaka uliofuata.

Tofautisha hayo na Munich 1972, mbio ambazo majirani zetu ng'ambo ya Sirari wanazijua vizuri. Kenya ilishinda 4×400 kwa Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Marekani hawakujipanga hata kwenye mstari: John Smith alikuwa ameumia, Vince Matthews na Wayne Collett wamefungiwa kwa jinsi walivyosimama jukwaani wakati wa wimbo wa taifa lao. Lee Evans, bingwa wa 1968, alikwenda kule kwa ajili ya vijiti tu, akakaa bila kukimbia. Pale hakukuwa na mwenye ng'ombe anayesubiri. Evans alipoteza, na hakuna aliyelipwa. Hiyo ndiyo ninaiita adhabu kwa asiye na kosa.

Kwa hiyo medali irudi, ila jina la mtu lisiguswe. Kijijini hakuna aliyewahi kumwita babu mwizi. Na irudi mapema. Fahali wake alimfikia aliyeibiwa mwezi ule ule. Nigeria walithibitishiwa dhahabu ya Sydney Julai 2012. Sunday Bada alikuwa amefariki Desemba 2011.