Nyonga ya Bandia na Mwendo wa Akina Mama wa Kenya

Haya wasomaji, leo tuweke programu pembeni tuzungumzie kutembea. Simama hapa Kibabii, barabara ya Bungoma kwenda Chwele, siku ya soko, uwatazame akina mama waliojitwika mizigo kichwani. Mwendo huo una historia.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G.M.O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu, wakakuta wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada. Maelezo yalikuja 1995: Norman Heglund na wenzake waliwatembeza akina mama wa Kenya juu ya bamba linalopima msukumo wa mguu. Mtu akitembea, mwili hupanda juu ya mguu kisha huanguka mbele, kama pendulamu ya saa iliyopinduliwa, na kule kuanguka hulipia sehemu ya hatua inayofuata. Akina mama hao, wakibeba mzigo, walipoteza kidogo zaidi njiani. (Utafiti wa 2010 kwa wanawake wa Kixhosa haukuona nafuu hiyo kwa jumla, basi tusivimbe kichwa!)

Pendulamu hiyo yote inategemea nyonga. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayozuia kiuno kisiangukie upande wa pili. Ikilegea, unachechemea. Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliieleza dalili hiyo 1895.

Kiungo chenyewe kilipata dawa pale Wrightington, Uingereza. John Charnley alijaribu kwanza vikombe vya Teflon, vikalika upesi. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki ngumu zaidi na kichwa cha chuma. Maumivu yakaisha. Lakini misuli iliyopumzishwa miaka mingi kwa kuchechemea haikubadilishwa. Ni kama kuweka diski mpya halafu ukaachia programu ile ile mbovu iendelee kufanya kazi. Ndiyo maana mtu hutoka hospitali na picha nzuri ya eksirei, na bado anayumba.

Sehemu inayonifurahisha mimi ni hii: kuna nyonga za bandia zilizowekewa vipimo ndani. Nils Rydell wa Sweden alifanya hivyo 1966. Mwaka 2001 Georg Bergmann wa Berlin alitoa vipimo vya wagonjwa 4, vilivyopokelewa kwa mawimbi ya redio: katika kutembea kwa kawaida nyonga hubeba wastani wa asilimia 238 ya uzito wa mwili. Mama wa kilo 70, nyonga yake inabeba kama kilo 167! Sehemu kubwa hutokana na ile misuli inayovuta.

Sasa mkongojo. Wazee wengi huku kwetu huushika upande wa mguu mgonjwa. Unatakiwa mkono wa upande wa pili, uende mbele pamoja na mguu uliopasuliwa, ili mkono uisaidie misuli kushikilia kiuno. Na usiutupe kwa sababu tu maumivu yameisha. Mwombe mtu akutazame kwa nyuma ukitembea bila mkongojo. Kiuno kikiwa bado kinaanguka, endelea nao, na mazoezi ya mtaalamu wa viungo pia.