Dhahabu ya Rumi na Chuma cha Nyuma ya Mrima: Sarafu, Mizani na Itibari katika Biashara ya Zama za Kati

Waandishi wa historia ya fedha katika pwani ya Afrika ya Mashariki aghalabu huanzia mahali sarafu zilipofukuliwa, yaani Shanga, Mtambwe Mkuu, Kilwa Kisiwani na Kisimani Mafia, na aghalabu huishia papo hapo. Nchi ya vilima na mabonde iliyo nyuma ya mrima, ambayo leo imegawanywa katika wilaya za Kibaha na Kisarawe na ambayo mto Ruvu huipitia ukielekea baharini, haipewi fungu katika simulizi hiyo, kwa hoja moja tu kwamba haikusifika kwa hazina za dinari wala kwa vyungu vya fulusi za shaba. Makala hii inaikataa hoja hiyo. Nadai kwamba athari kubwa ya sarafu ya Bizanti, yaani Rumi ya Mashariki, katika biashara ya zama za kati haikuwa katika kipande cha dhahabu chenyewe, bali katika utaratibu wa madaraja uliosimama juu yake: dhahabu kwa mapatano ya dola na dola, shaba kwa soko la mji, na vitu vyenye manufaa ya matumizi kwa nchi ambazo muhuri wa mfalme haukufika, na kwamba nchi ya Kibaha na Kisarawe ilikuwa ndani ya utaratibu huo, katika daraja la tatu, wala haikuwa nje yake.

Yafaa kwanza kuieleza sarafu yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 4 Kaisari Constantine aliamuru ratili moja ya Kirumi ya dhahabu igawanywe vipande 72, kila kimoja kikiwa na uzito wa karibu gramu 4.5, kipande hicho Walatini walikiita solidus na Wayunani nomisma, na kwa muda wa karne saba watawala wa Constantinople, licha ya vita, tauni na mapinduzi yaliyowaangusha wengi wao, hawakuthubutu kukighushi kwa kiasi cha kuondoa imani ya watu. Chini yake ilikuwapo shaba. Mwaka 498 Kaisari Anastasius aliitengeneza upya sarafu ya shaba iliyoitwa follis, akaipiga chapa ya herufi M, ambayo kwa hesabu ya Kiyunani ni 40, ili muuzaji wa mboga na mnunuzi wake wajue bila ya ubishi kwamba inasimama badala ya vijisarafu arobaini vya nummus. Dhahabu ilikubaliwa kwa sababu ya mizani, na kwa hiyo ilivuka mipaka. Shaba ilikubaliwa kwa sababu ya amri, na kwa hiyo ilikoma pale amri ilipokoma. Tofauti hii ndiyo msingi wa yote yatakayofuata.

Sifa ya dhahabu hiyo ilienea hadi Bahari ya Hindi. Cosmas, mfanyabiashara wa Iskanderia aliyeandika katikati ya karne ya 6, anasimulia habari za tajiri aitwaye Sopatros, aliyeshindana na Mwajemi mbele ya mfalme wa kisiwa cha Sri Lanka juu ya nani kati ya wafalme wao alikuwa mkubwa zaidi. Sopatros akataka sarafu zao mbili ziwekwe mbele ya mfalme, dhahabu ya Rumi kwa fedha ya Uajemi, na macho yakakata shauri. Iwe kisa hicho kilitokea hivyo au kilipambwa, kinaonyesha jinsi watu wa zama zile walivyoielewa sarafu, kwamba ni balozi anayebeba heshima ya dola asipoweza kufika askari. Wafalme wa Aksum, jirani zetu wa kaskazini, walikuwa wamelifahamu jambo hilo zamani zaidi, kwani tangu mwisho wa karne ya 3, katika enzi ya Endubis, walipiga dhahabu yao wenyewe kwa kuufuata uzito wa Kirumi, na Ezana alipoingia Ukristo katika karne ya 4 aliweka msalaba juu ya sarafu zake.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutambulishwa kwa Rumi kama kwa mgeni. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, na ambao huitwa pia Chuo cha Herekali, unamtaja kwa jina Kaisari Heraclius, na ni katika sarafu ya Heraclius huyo huyo kwamba dinari ya Kiislamu ilipata umbo lake la kwanza. Dinari za mwanzo zilizopigwa Shamu ziliiga sarafu yenye sura yake pamoja na wanawe wawili, ila mkono wa msalaba ulikatwa ukabaki mti mtupu juu ya ngazi zake; kisha, kati ya miaka 696 na 697, Khalifa Abd al-Malik akaondoa sura zote, akaweka maneno ya tauhidi, akaupunguza uzito ukawa karibu gramu 4.25. Dini ilibadilika, maandishi yakabadilika, watawala wakabadilika. Kilichorithiwa ni ile kanuni kwamba kipande kidogo cha dhahabu, chenye uzito uliowekwa na usafi usiotiliwa shaka, ndicho kiwe kipimo cha haki baina ya watu wasiojuana. Ni kwa mlango huu, mlango wa Kiislamu, kwamba kanuni ya Bizanti iliingia Uswahilini.

Sasa tuitazame nchi yetu. Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa na baharia wa Misri ya Kirumi katika karne ya 1, kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani hii, na kina jambo ambalo wengi wamelipita bila ya kulizingatia. Mwandishi wake anaposimulia bandari za kaskazini, kama Adulis na Malao, anataja kwamba fedha taslimu kidogo ilipelekwa huko. Anapofika Rhapta hataji fedha kabisa, bali anahesabu mikuki, mashoka, visu, sindano za kutobolea na vitu vya kioo, vilivyobadilishwa kwa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Msafara wa bidhaa usiobeba sarafu haukuwa msafara duni. Shanga za Kirumi zilizochimbuliwa na mwanaakiolojia Felix Chami katika delta ya Rufiji, pamoja na vigae vya vyungu vya Kirumi vya zama za mwisho alivyovieleza Abdurahman Juma kutoka Unguja Ukuu, vyatosha kuthibitisha kwamba Mediterania na mrima vilishikana mkono bila ya dhahabu kuwa kati yao. Sarafu za Kirumi zinazodaiwa kuokotwa Bur Gao, kusini mwa Somalia, zimetiliwa shaka na wataalamu, na hata zingekuwa sahihi zisingebadili hoja: jambo la kutafutwa ni mizani, si kipande.

Mizani hiyo nyuma ya mrima ilikuwa nini? Ushahidi unaelekeza kwenye chuma. Utafiti wa Chami katika nchi ya nyuma ya Dar es Salaam, aliouchapisha mwaka 1994 katika tasinifu yake ya Uppsala juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, ulionyesha makazi ya wakulima na wafua chuma, na vyungu vilivyochorwa mistari ya pembetatu, vya aina ile ile iliyotumika Unguja Ukuu na Shanga tangu karne ya 6 hivi. Huko Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, marundo ya mavi ya chuma yanaonyesha uyeyushaji uliozidi haja ya kijiji kimoja. Na al-Mas'udi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu aliyefika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, anaeleza kwamba Wazanji walijipamba kwa chuma mahali pa dhahabu na fedha, na kwamba pembe zao za ndovu zilipelekwa Oman, kisha India na China. Mtu akijipamba kwa kitu anatangaza kwamba kitu hicho ni akiba na ni hadhi. Kwa hiyo chuma, ambacho kikipelekwa kwa mhunzi hugeuka jembe na kikivaliwa mkononi hubaki utajiri, kilikuwa na sifa mbili ambazo wanauchumi huzidai kwa fedha, yaani kuhifadhi thamani na kukubalika na wengi.

Atatokea mtu wa kusema kwamba hayo yalikuwa mabadilishano ya kawaida ya mali kwa mali, na kwamba kuyaita fedha ni kuyapamba. Jibu liko kwa Cosmas mwenyewe. Anaeleza jinsi mawakala wa mfalme wa Aksum, dola yenye sarafu zake za dhahabu, walivyokwenda nchi ya Sasu kutafuta dhahabu wakiwa na ng'ombe, chumvi na chuma, wakaweka vipande vya nyama, chumvi na chuma mahali pa wazi, na wenyeji wakaja na kuweka punje za dhahabu juu ya kile walichokipenda, mpaka pande zote mbili zikaridhika. Mfalme mwenye kiwanda cha sarafu alijua kwamba kwa watu wa Sasu sura yake juu ya dhahabu haikuwa na maana, ilhali chuma kilikuwa nayo. Hakuwa amekutana na watu wasio na kipimo. Alikutana na watu wenye kipimo kingine, naye akakifuata.

Karne ya 11 inaithibitisha hoja hii kwa namna nyingine. Wakati ule ule Kaisari Michael IV na waliomfuata walipoanza kuchanganya fedha ndani ya nomisma, hata Alexios Komnenos akalazimika mwaka 1092 kupiga sarafu mpya, dinari ya Wafatimi wa Misri ilikuwa imeshika itibari iliyokuwa ya Rumi. Hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 inalionyesha badiliko hilo kwa uwazi: ndani yake mlikuwamo dinari chache za dhahabu, za Kifatimi zikiwamo, na vijisarafu vya fedha zaidi ya elfu mbili vilivyopigwa hapa pwani kwa majina ya watawala wa hapa hapa. Dhahabu ilitoka mbali na ilikuwa ya kwendea mbali. Fedha ilikuwa ya nyumbani. Kilwa baadaye ikaendeleza utaratibu huo kwa shaba. Masultani waliotawala njia ya dhahabu ya Sofala walijaza masoko yao kwa sarafu za shaba zisizotaja mwaka wala mahali, wakaiacha dhahabu iende nje kama bidhaa. Hata al-Hasan bin Sulaiman, aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331 na aliyepiga dhahabu, ameacha vipande vichache mno. Shaba ya Kilwa, kama follis ya Anastasius, iliishi ndani ya amri: imeonekana kwa wingi Kilwa na Mafia, na moja kufika Great Zimbabwe ni tukio la nadra. Kwamba haikupanda bonde la Ruvu si dalili ya kutengwa kwa bonde hilo. Ndiyo tabia ya sarafu ya daraja lake.

Madaraja hayo yaliishi hadi karne ya 19. Kutoka ardhi ya Uzaramo, jina la baadaye la nchi hii, ilichimbwa sandarusi iliyonunuliwa na Wamarekani wa Salem, ambao tangu mkataba wa mwaka 1833 na Sayyid Said walijaza Unguja kwa nguo ya merikani. Unguja bei ya frasila ya sandarusi ilitajwa kwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya gramu 28 iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 hata baada ya malkia mwenyewe kufa, na iliyopendwa kwa sababu ile ile iliyoiinua nomisma, yaani kutobadilika. Lakini msafiri Mwingereza Burton alipopita bonde la Kingani, yaani Ruvu ya chini, katikati ya mwaka 1857 akielekea bara, majumbe wa Uzaramo walimdai hongo ya nguo na ushanga, wala si ya riale. Mchimbaji wa sandarusi, dalali wa pwani na tajiri wa Salem walikuwa katika mnyororo mmoja wa bei, kila mmoja akihesabu kwa kipimo chake.

Kilichovunja madaraja ni dola, wala si soko. Kodi ya nyumba iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1898, ambayo mwanzoni ilikubaliwa kulipwa hata kwa mazao na baadaye ikadaiwa kwa rupia, ndiyo iliyomlazimisha mkulima wa Kisarawe kuitafuta sarafu kabla hajaihitaji. Constantine alijenga itibari kwa usafi wa dhahabu, na watu wakamfuata kwa hiari. Serikali ya kikoloni ilijenga haja ya sarafu kwa amri, na watu wakaifuata kwa hofu. Anayezichanganya hali hizi mbili atasema kwamba fedha ilifika nyuma ya mrima mwaka 1898, na atakuwa ameihesabu amri kuwa ndiyo biashara.

Kwa hiyo wajibu wa watafiti u dhahiri. Wataalamu wa sarafu hupima kila dinari kwa sehemu ya gramu, wakajenga juu ya vipimo hivyo historia ya dola nzima. Chuma na shanga za nchi kavu hazijapewa insafu hiyo, bali huhesabiwa kwa idadi na kutiwa kabatini. Zipimwe uzito, zilinganishwe kituo kwa kituo kutoka Ruvu hadi Rufiji, itazamwe kama kuna ukubwa uliokaririwa kwa makusudi. Ukubwa huo ukionekana, tutakuwa na ithibati ya daraja la tatu iliyo sawa na chapa ya M juu ya shaba ya Anastasius; usipoonekana, itabidi hoja yangu isimame juu ya maandishi na mavi ya chuma peke yake, na wenye hoja bora waiangushe.