Lugha ya Mabano na Mitambo Midogo

Msomaji, ukiifungua mashine ya kufulia nguo, au mita ya umeme, au kichezeo cha mtoto kiwakacho taa na kulia, utakuta ndani yake kipande cheusi kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho huitwa maikrokontrola. Usikidharau kwa udogo wake, kwani ni kompyuta nzima: kina prosesa, kina kumbukumbu, na kina miguu ya madini ambayo kwayo hupokea habari za nje na kupeleka amri nje. Mguu mmoja waweza kuwasha taa, wa pili kupima joto, wa tatu kupeleka herufi kwenye kioo. Mara nyingi mafundi hukiamuru kwa lugha iitwayo C, ambayo ni orodha ndefu ya amri: fanya hili, kisha lile, kisha badili namba iliyoko mahali fulani. Lakini iko lugha ya tabia nyingine kabisa, iliyozaliwa katika hesabu tupu kabla kipande hicho hakijakuwako, na habari zake ndizo nitakazokusimulia.

Mwaka 1936 Alonzo Church, mtaalamu wa hisabati katika chuo kikuu cha Princeton, Marekani, alikuwa akijiuliza kama iko njia ya hakika ya kuamua kila swali la hisabati. Jibu lake lilikuwa kwamba haiko. Ili kulithibitisha alitumia taratibu ya maandishi aliyoibuni mwenyewe, ambayo ndani yake kila kitu ni fanksheni. Fanksheni ni kanuni inayopokea kitu na kurudisha kitu. Ikiwa kanuni yako ni kuzidisha namba kwa namba ile ile, ukiipa 3 yakurudishia 9. Nawe ukiipa 3 tena kesho, au mwakani, itakurudishia 9 vile vile. Haina hasira wala usahaulifu, na haigusi chochote kilichoko pembeni. Church hakuwa na mashine yoyote mbele yake. Alikuwa na karatasi na kalamu, na hilo lilimtosha.

Mwaka 1958 John McCarthy, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT, alianza kutunga lugha ya kompyuta aliyoiita Lisp. Baadhi ya alama zake alizichukua kwa Church. Katika Lisp kila jambo huandikwa kama orodha ndani ya mabano, na programu yenyewe ni orodha pia, hata programu moja yaweza kuisoma nyingine na kuitengeneza upya. Mabano hayo huwachosha wageni, wala siwalaumu. Ukurasa wa Lisp huonekana kama wavu uliotupwa juu ya maneno. McCarthy alipoandika makala yake, iliyotoka Aprili 1960, aliweka ndani yake fanksheni moja iwezayo kufasiri fanksheni yoyote nyingine ya Lisp. Yeye aliikusudia iwe hoja ya hisabati tu. Msaidizi wake, kijana Steve Russell, aliitazama akasema kwamba yaweza kuandikwa iwe programu ya kweli. McCarthy alidhani kijana anachanganya nadharia na vitendo. Russell hakubishana; alikaa akaiandika kwa mkono katika lugha ya mashine, nayo ikafanya kazi. Tangu siku hiyo Lisp ikawa na mkalimani ndani ya mashine: unaandika sentensi moja, yeye anaifasiri, anakujibu, na kungoja nyingine.

Mashine yenyewe ilikuwa IBM 704, mtambo wa kujaza chumba, uliotumia valvu za kioo. Maneno ya mtambo ule yameganda katika lugha mpaka leo. Kichwa cha orodha huitwa car, na mkia wake huitwa cdr, kwa sababu katika neno la kumbukumbu la IBM 704 mlikuwa na sehemu mbili zilizofaa kuwekwa anwani, na herufi hizo ni ufupisho wa majina ya sehemu hizo. Mtambo umekwisha kuwa kitu cha makumbusho, na majina ya viungo vyake yangali katika vinywa vya watu ambao hawajauona.

Lisp haikukaa katika hesabu peke yake. Mwaka 1967 Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon waliitungia watoto lugha iitwayo Logo, mtoto wa Lisp, na muda si mrefu watoto walikuwa wakiiongoza roboti iliyoitwa kasa, ikitambaa sakafuni na kuchora kwa kalamu iliyofungwa tumboni. Hapo fanksheni ya Church iligusa ardhi. Wakati huo huo mafundi wa elektroniki walikuwa wakipunguza ukubwa wa kompyuta: kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza maikrokontrola ya TMS1000 mwaka 1974, na Intel ikatoa 8051 mwaka 1980. Mitambo hiyo ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, nayo Lisp ilijulikana kuwa mlaji mkubwa, basi wengi wakaona kwamba njia zao haziwezi kukutana.

Sasa, msomaji, nifuate mbali kidogo. Tarehe 24 Oktoba 1998 Marekani ilirusha chombo cha angani kiitwacho Deep Space 1, kijaribu vifaa vipya, na miongoni mwa vitu vilivyojaribiwa ilikuwamo programu ya kukiongoza chombo bila kuamriwa hatua kwa hatua na watu wa duniani. Sehemu kubwa ya programu hiyo iliandikwa kwa Lisp. Ilikabidhiwa usukani tarehe 17 Mei 1999, chombo kikiwa karibu kilomita milioni 100 kutoka kwetu, umbali ambao neno lililorushwa kwa redio huchukua zaidi ya dakika tano kufika, na jibu lake zaidi ya dakika tano kurudi. Siku iliyofuata ilipasa injini izimwe. Haikuzimwa. Sehemu mbili za programu zilikuwa zikingojeana, kila moja ikitazamia ishara ya mwenzake, kama watu wawili mlangoni wanaoambiana, “Tangulia wewe.” Kasoro hiyo haikuonekana katika majaribio yote ya duniani, kwa kuwa ilihitaji mambo mawili yatukie kwa mfuatano mmoja wa nadra. La kusikitisha ni kwamba kasoro ya namna ile ile ilikuwa imekwisha gunduliwa mwaka 1997 katika sehemu nyingine ya programu hiyo hiyo.

Fikiri jinsi walivyojisikia wahandisi wale. Fundi wa motokaa hulala chini ya motokaa; wao motokaa yao ilikuwa ng'ambo ya anga. Lakini mkalimani wa Lisp alikuwa ndani ya chombo, angali macho. Waliweza kumwuliza hali ya programu, wakangoja, wakasoma majibu yake, na hatimaye wakajua mahali kasoro ilipojificha. Jaribio liliendelea tarehe 21 Mei, na makusudi yake yote yakatimia. Mimi naona kwamba jambo hili lastahili kujulikana zaidi ya ushindi mwingi unaopigiwa ngoma, kwa sababu laonyesha faida ya mtambo uwezao kuulizwa nao ukajibu.

Basi ikawaje kwa mitambo midogo? Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea, Italia, Massimo Banzi na wenzake walitoa bodi nafuu ya wanafunzi iitwayo Arduino. Ile bodi yake iliyojulikana sana, Uno, ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu. IBM 704 yenye kumbukumbu kamili ilikuwa na maneno 32,768, kila moja la biti 36. Ukipiga hesabu utaona kwamba ni mara 72 ya ile ya Uno. Hata hivyo Mwingereza David Johnson-Davies aliandika uLisp, Lisp ndogo iwezayo kuingia katika bodi hiyo. Kila kisanduku cha orodha huchukua baiti nne, kwa hiyo hata kama kumbukumbu yote ingetolewa kwa orodha, visanduku visingezidi 512. Visanduku vinapokwisha, lugha husimama kidogo, hukusanya vile visivyotumika tena, kisha huendelea. Na fundi hana budi kukumbuka kusimama huko, kwa maana injini izungukayo haimngoji mtu.

Iko shida nyingine, nayo ni ya ndani zaidi. Fanksheni ya Church haigusi kitu, lakini kuwasha taa ni kugusa ulimwengu. Lisp yaruhusu mguso huo waziwazi, nayo kwa hiyo si safi kabisa. Lugha ya Haskell, iliyotolewa mwaka 1990, ni kali zaidi, hutenga kazi ya kukokotoa na kazi ya kutenda kila moja upande wake. Mafundi wenye busara hufuata mpango huo hata katika lugha isiyowalazimisha: amri za kugusa huwa chache na hukaa ukingoni, na hesabu zote hukaa ndani.

Tazama mfano wa kioo. Vioo vidogo vingi vinavyouzwa pamoja na bodi hizi vina vitone 128 kwa upana na 64 kwa kimo, jumla 8,192. Kuihifadhi picha nzima, kitone kimoja kwa biti moja, kwahitaji baiti 1,024, yaani nusu ya kumbukumbu yote ya Uno. Lakini picha yaweza kufikiriwa kuwa fanksheni: iambie safu na mstari, nayo ikujibu kama kitone kile kiwake au kizimike. Mnamo mwaka 1997 Conal Elliott na Paul Hudak walieleza hata picha zinazotembea kwa njia ya namna hiyo, wakiongeza wakati kuwa kitu cha kuuliziwa. Ukiwa na fanksheni huna haja ya kuihifadhi picha. Unaiuliza habari za mistari minane ya kwanza, unajaza baiti 128, unazipeleka kwenye kioo. Kisha unatumia baiti hizo hizo kwa mistari minane ifuatayo, na kadhalika mara nane, mpaka duara, au saa, au jina lako mwenyewe, linatokea lote likiwaka.