Bwana Msa na Kosa Langu

Ukimwambia mtu kwamba unakaa Segerea, aghalabu atacheka na kukuuliza umetoka lini. Hapa kwetu ndipo lilipo gereza ambamo mahabusu hungoja kesi zao zikatwe. Kila nipitapo njia ile na kuwaona jamaa wakisubiri nje kuwaona ndugu zao, humkumbuka mtu mmoja aliyetufundisha kwa njia ya hadithi kwamba kushukiwa si kuwa na hatia. Mtu huyo ni Muhammed Said Abdulla.

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya akawa mkaguzi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi hivi. Mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Baadaye alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Tangu mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo.

Hebu tuitazame safari hiyo, ndugu msomaji. Mkaguzi wa afya haambiwi tu kwamba kisima ni kisafi akaondoka. Huinama akachungulia mwenyewe. Na mwandishi aliyepitia Al-Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu, kisha Afrika Kwetu lililowatetea Waafrika, katika miaka ambayo siasa za Zanzibar zilikuwa zinapamba moto, hakukosa kuona kwamba tukio moja laweza kusimuliwa kwa namna mbili, na kila msimulizi akaapa kwamba yeye ndiye mkweli. Naamini Bwana Msa alizaliwa katika kazi hizo mbili.

Bwana Msa ni mpelelezi wake, mtu wa kiko na mawazo marefu, mwenye rafiki yake Najum. Wasomaji wa Sherlock Holmes watatambua mara moja alikotoka. Lakini Abdulla hakumleta Mwingereza akamvika kanzu. Alimweka mahali ambapo watu wana jibu tayari kabla ya swali kuulizwa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa kwenye mzimu. Ni rahisi kunyoosha kidole kuelekea mzimuni na kwenda zako nyumbani. Bwana Msa hakubali. Yeye huuliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani atafaidika. Baadaye vilifuata vitabu vingine, kikiwamo Kisima cha Giningi mwaka 1968. Giningi, kwa masimulizi ya Visiwani, ni mji wa wachawi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliambiwa kwamba hadithi za upelelezi ni za kupotezea wakati. Niliamini hivyo, na nikaenda kuwafundisha watoto hivyohivyo.

Kisha nikawa mwalimu mkuu. Mwaka mmoja fedha za michango zilipotea ofisini. Walimu wengine walitaka aitwe mganga apige ramli. Mimi nilikataa, nikajiona msomi. Lakini nilifanya nini? Nilisikia minong'ono ya watoto juu ya kijana mmoja wa kwao maskini, ambaye siku ile alikuwa amefagia ofisi. Nikamchapa mbele ya wenzake. Siku ya tano nilizikuta zile fedha ndani ya daftari la mahudhurio, mahali nilipoziweka kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikwenda kwao kumwomba radhi. Baba yake alinikaribisha kwa heshima zote, lakini kijana alikuwa amekwisha kwenda mjini kutafuta kazi. Hakurudi shuleni.

Nilimkataa mganga, na mimi mwenyewe nikapiga ramli. Tofauti ilikuwa kwamba yangu haikuwa na kibuyu.

Ndipo nilipokisoma kitabu cha Abdulla kwa makini, na nikaelewa kwamba alikuwa mwalimu kuliko mimi. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa huko Shinyanga na Mwanza kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni, somo la kuuliza kabla ya kuhukumu si la kupotezea wakati.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Miaka saba kabla yake, mwaka 1984, alikuwa ametoa kitabu alichokiita Kosa la Bwana Msa. Napenda jina lile. Hata mjuzi wa kuuliza ana kosa lake. Langu nimekwisha kulisema, na kijana yule, popote alipo, sasa ni mtu mzima. Fimbo nilizompiga hazirudi mkononi.