Alice Coachman: Mruka juu wa Georgia aliyewafungulia wanawake Weusi njia ya dhahabu

MNAMO Agosti 7, 1948, katika uwanja wa Wembley jijini London, mwanamke wa miaka 24 kutoka mji wa Albany, jimbo la Georgia, Marekani, aliruka mita 1.68 katika jaribio lake la kwanza. Mpinzani wake, Dorothy Tyler wa Uingereza, aliufikia urefu huo huo, lakini katika jaribio la pili. Tofauti hiyo ndogo ilimpa Alice Coachman nishani ya dhahabu na kumfanya mwanamke wa kwanza Mweusi kutoka taifa lolote kupata dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Nishani hiyo alivishwa na Mfalme George VI mwenyewe.

Alizaliwa Novemba 9, 1923, akiwa mtoto wa tano kati ya kumi wa Fred na Evelyn Coachman. Kusini mwa Marekani wakati huo kulitawaliwa na sheria za ubaguzi wa rangi. Viwanja vya umma vya mazoezi vilikuwa vya wazungu, kwa hivyo binti huyo alikimbia miguu mitupu katika barabara za vumbi, na kuruka kamba na vijiti alivyovitundika yeye mwenyewe. Kikwazo kingine kilikuwa nyumbani. Baba yake aliamini kuwa msichana mwenye adabu hukaa barazani, wala hashindani na wavulana, na mara kadhaa alimchapa kwa sababu ya michezo hiyo. Waliomtia moyo ni mwalimu wake wa shule ya msingi na shangazi yake.

Kipaji chake kilitambuliwa na Harry Lash, kocha katika Shule ya Upili ya Madison mjini Albany. Mnamo 1939 alisajiliwa na Taasisi ya Tuskegee, jimbo la Alabama, chuo cha Weusi ambacho chini ya kocha Cleve Abbott kilikuwa kimejenga kikosi imara cha wanariadha wa kike. Ufadhili aliopewa haukuwa wa bure: wanafunzi wa aina yake walisafisha ukumbi wa mazoezi na kushona sare za wachezaji zilizoraruka.

Mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa kitaifa wa kuruka juu. Hakuuachilia hadi 1948, yaani mataji kumi mfululizo. Alishinda pia mbio za mita 50, mita 100 na za kupokezana vijiti, hivi kwamba jumla ya mataji yake ya kitaifa, ya viwanja vya wazi na vya ndani, ilifika 25.

Hapa ndipo penye uchungu wa kisa chake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilifuta Michezo ya Olimpiki ya 1940 na ya 1944, miaka ambayo alikuwa katika kilele cha nguvu zake. Wapo wanaoamini kuwa angerudi nyumbani na nishani nyingi zaidi lau michezo hiyo ingefanyika. Hilo haliwezi kuthibitishwa, ila mataji kumi mfululizo si ushahidi wa kupuuzwa. Alipoitwa hatimaye katika timu ya 1948 alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya mgongo.

Siku moja kabla ya shindano lake, Audrey Patterson alikuwa ametwaa nishani ya shaba katika mbio za mita 200, ya kwanza kwa mwanamke Mweusi wa Marekani. Wengine wote wa timu ya riadha ya wanawake wa taifa hilo walikosa nishani, na dhahabu ya Coachman ikabaki kuwa ya pekee. Aliyemaliza wa tatu nyuma yake ni Micheline Ostermeyer wa Ufaransa, mpiga piano stadi aliyekuwa tayari ameshinda dhahabu katika kurusha tufe na kisahani.

Aliporejea Marekani, mwanamuziki Count Basie alimwandalia karamu na Rais Harry Truman akampongeza. Msafara wa magari ulimsindikiza kutoka Atlanta hadi Albany, mwendo wa kilomita 280 hivi, huku umati ukimshangilia kando ya barabara. Lakini katika ukumbi wa mji wake wa kuzaliwa, Weusi na wazungu waliketishwa mbalimbali. Meya alikaa jukwaani naye, asimpe mkono. Shujaa huyo hakupewa nafasi ya kusema neno, na sherehe ilipokwisha alitokea mlango wa pembeni. Baadaye alieleza kuwa baadhi ya wazungu wa mji huo walimtumia maua na zawadi bila kutia majina yao, kwa kuogopa majirani.

Hakushindana tena. Alihitimu katika Chuo cha Albany State mnamo 1949, akawa mwalimu na kocha. Mnamo 1952 kampuni ya Coca-Cola ilimtumia katika matangazo yake, jambo ambalo halikuwa limewahi kumfikia mwanariadha wa kike Mweusi.

Matunda yalionekana upesi. Mildred McDaniel, mzaliwa wa Georgia na mwanafunzi wa Tuskegee vilevile, alishinda dhahabu ya kuruka juu mjini Melbourne mnamo 1956 kwa rekodi ya dunia ya mita 1.76. Miaka minne baadaye Wilma Rudolph alinyakua dhahabu tatu jijini Rome.

Wakati wa Olimpiki ya Atlanta ya 1996, Coachman alitambuliwa kuwa miongoni mwa wanamichezo 100 bora zaidi wa Olimpiki. Ni katika michezo hiyo, kwenye jimbo lake la Georgia, ambapo Pauline Konga alishinda fedha ya mita 5,000, nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya.

Coachman aliaga dunia mjini Albany mnamo Julai 14, 2014, akiwa na umri wa miaka 90. Mji uliompitisha mlango wa pembeni ulikuwa umekwisha kuipa shule ya msingi jina lake.